Shangazi Alikuja Mara Mbili

Nilirudi Mwanza na masanduku manne, diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, na mikono inayoweza kulisha watu mia tano bila wali kushika ukoko. Sikusaidiwa na mtu. Nilianza kwa kuosha masufuria katika hoteli moja ya Uarabuni, nikaondoka pale nikiwa mkuu wa jiko, na wanaume kumi na wawili walikuwa chini yangu. Mtu akiniambia najisifu, namwambia ndiyo, najisifu. Wakati nasugua masizi hakuna aliyekuja kunisifu.

Nilijenga Kisesa, nje kidogo ya mji. Vyumba vinne, vigae chini, choo ndani, maji ya moto. Nyumba ilipokwisha nilivuka Busisi, enzi hizo bado kwa kivuko, nikaenda kumchukua mama kijijini, ng'ambo ya ziwa. Baba alishafariki, na mtoto alikuwa amebaki mimi peke yangu. Nilimwambia mama, "Jembe basi. Sasa unakaa."

Mama akakaa, lakini si kwenye makochi. Alikalia kigoda chake nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji. Choo cha ndani hakukitumia. Alikwenda kwenye kile cha shimo walichochimba mafundi wakati wa ujenzi, kule karibu na uzio. Nguo zake alifua mwenyewe alfajiri, akazianika chumbani mwake, na dirisha amelifunga. Mimi nilikuwa nimewafundisha wanaume wazima kuosha mikono hadi kwenye viwiko. Sasa nyumbani kwangu mwenyewe chumba kilikuwa kinanuka nguo mbichi. Niliudhika. Nikaona ni ukaidi wa kijijini.

"Mama, hilo kochi limekuuma?"

"Halijaniuma. Kizuri anakalia mgeni."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mzee. Mzee anakaa chini, mwanangu. Akianguka, haanguki mbali."

Nilicheka, na mazungumzo yakaishia hapo. Tulizungumza hivyo kila siku. Umekula? Nimekula. Umelala vizuri? Namshukuru Mungu. Wageni walikuwa wakiniambia nina bahati, mimi na mama yangu hatugombani.

Kisha akaanza kusema kiuno kinamuuma. Nikamnunulia godoro zito, lile linalotangazwa kwa ajili ya mgongo. Halikusaidia, nikampeleka zahanati. Mganga alipouliza shida ni nini, nilijibu mimi kabla mama hajafungua kinywa. "Ni kiuno, daktari. Amelima maisha yake yote." Mama aliangalia sakafu. Tukapewa vidonge, tukarudi, nami nikawahi jikoni kwangu mjini, ninakopika vyakula vya sherehe, kwa sababu kulikuwa na harusi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Mama hamwambii binti yake mambo ya chini ya kitovu. Nilipovunja ungo, aliyenikalisha na kunieleza alikuwa shangazi, dada yake baba. Mama alijua, akanipikia kuku, lakini hakusema neno. Na binti akishakuwa mtu mzima, njia ni ileile kurudi nyuma: mama akiwa na jambo la mwili wake, anamtuma shangazi. Shangazi naye hasemi akiwa amesimama. Anakaribishwa, anapewa maji, anakula, anaulizwa habari za mvua na za mbuzi, anauliza za kwako. Jambo linakuja mwisho, kwa sauti ndogo, mkiwa wawili. Haya yote nilikuwa nayajua. Ila nilikuwa nimekaa nchi za watu miaka kumi na mmoja, nikawa nimejizoesha kwamba mwenye neno aliseme.

Shangazi alikuja mara ya kwanza Jumamosi. Hakuja Kisesa, alinifuata mjini kwenye jiko langu, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Nilikuwa na sahani mia tatu za kutoka saa kumi. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa ukili, vijana wangu wanakaanga sato, mafuta yanaruka.

"Shikamoo shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimekuja kukusalimu tu."

"Umetoka ng'ambo kuja kunisalimu Jumamosi?"

"Basi salamu zina siku?"

Nilijua ana jambo, na nilidhani nalijua jambo lenyewe. Mtu akirudi kutoka nje, ndugu wote wanakuja kusalimu. Nikamfungia sukari na sabuni, nikamtia nauli mkononi, nikamwambia tutaongea siku nyingine. Aliitazama ile sukari, akaichukua.

Mara ya pili ilikuwa baada ya kama miezi miwili, Jumamosi tena. Safari hii alikaa kwenye kreti ya soda bila kuambiwa.

"Mama yako anaumwa," alisema.

"Kiuno, shangazi. Nimeshampeleka. Anatumia vidonge."

"Siyo kiuno."

"Ni nini, basi?"

Akawatazama wale vijana. Walikuwa wanne, na redio inaimba. "Tukae kwanza, mwanangu."

"Shangazi, nina kipaimara cha watu mia mbili. Sema tu. Hawa ni wafanyakazi, hawana neno."

"Haya mambo hayasemwi juu ya karai."

"Basi yatasubiri."

Akainuka, akajipangusa unga kwenye kitenge. Alisema, "Umekuwa mkubwa kweli," nami, Mungu anisamehe, nilipokea kama sifa. Nilimfungia pilau la kula njiani.

Baada ya hapo hakurudi. Nilipata kusikia kwamba alimwambia mama, "Binti yako hana pa kukaa."

Mama alianguka asubuhi moja kule kwenye beseni lake la kufulia. Nilimkuta amelala ubavu, maji yamemwagika, na yale maji yalikuwa mekundu. Nilipomwinua, kitenge kilikuwa kimelowa damu mpaka magotini, na ndani yake alikuwa amejifunga matambara juu ya matambara, amekaza kwa kamba ya katani.

"Mama, hii ni nini?"

"Nifunike."

"Mama, hii damu ya nini?"

"Nifunike kwanza. Niitie shangazi yako."

Niliita teksi. Katika hospitali kubwa daktari alikuwa kijana mdogo wa kumzaa. Alipouliza damu ilianza lini, mama alininyooshea kidole, akasema, "Huyu atoke." Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi ndiye niliyembeba, damu yake ilikuwa imekaukia kwenye gauni langu. Akarudia, na nesi akanifungulia mlango kwa upole.

Nesi huyohuyo ndiye aliyekuja kunieleza kwenye korido. Saratani ya mlango wa kizazi, tena imekwisha kuenea. Ilianza kwa damu kidogo, mwaka na zaidi uliopita. "Mnakaa nyumba moja?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Nilimjibu ndiyo, nikasikia aibu ambayo sikuisikia hata nilipokuwa naosha masufuria ya watu.

Mama alipolazwa nilikaa kando ya kitanda chake, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, mama! Mwaka mzima tunaulizana umekula, umelala!"

"Mahali ulipopitia wewe, nikutajie wewe mwenyewe? Nianzie wapi?" "Nilimtuma shangazi yako. Mara mbili."

Nimejibizana na mameneja wa mataifa matano, lakini hapo nilimnyooshea mama shuka tu.

Mpaka leo nasema mila hiyo imeua wanawake wengi, na wasichana wangu wa jikoni nawaambia waziwazi, kwa majina ya viungo, waende wakapimwe. Lakini kwa mama siwezi kuisingizia mila. Ilimpa mtu wa kumtuma, na yule mtu alifika. Wakati ule madaktari wangekuwa na la kufanya. Sasa walitupa dawa ya kutuliza maumivu na maelekezo ya kumgeuza asipate vidonda, tukarudi naye Kisesa.

Nilimpigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo una muda?"

"Nina muda."

Alikuja kwa gari, daraja la Busisi sasa limefunguliwa, na hakuwa na haraka. Nilimwandalia sebuleni. Akala ugali na samaki polepole, akachambua mpaka kichwa, akanawa, akaanza habari za mbuzi. Kuna mmoja alizaa mapacha, mmoja akafa. Nilikaa nikasikiliza, mama anaugulia chumba cha pili, na nilijua kabisa kwamba ananiadhibu. Alipomaliza akaomba maji ya moto na beseni, akaingia kwa mama, akafunga mlango.

Alikaa kwetu wiki saba. Yeye ndiye aliyemwosha, aliyembadilisha, aliyeona kile ambacho mimi sikuruhusiwa kuona. Mimi nilipika. Uji wa lishe, mchuzi wa furu, vile visamaki vya ziwani, aliouzoea tangu utoto, vyote laini, vyote bora, na diploma yangu haijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Shangazi alirudi na bakuli likiwa nusu. "Anasema umezidisha limau," ananiambia. Au, "Anasema asante." Nami kila neno langu nililipitisha kwake. Nilikuwa nikiwasikia wakicheka mle ndani, wazee wawili, kicheko cha kukohoa, halafu sauti zinashuka, na mimi nikapita koridoni taratibu kana kwamba nina shughuli.

Siku moja mchana nilimshika shangazi mkono akiwa anatoka na beseni. Nilimwambia amwombee ruhusa kwa mama. Nimwoshe mara moja tu. Sitasema kitu, sitauliza kitu. Kama anaona haya, nitafumba macho.

Shangazi hakunicheka. Aliweka beseni chini, akarudi ndani. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilisikia mama akisema maneno mengi kwa Kisukuma, kwa sauti iliyokatikakatika, na neno moja tu nililolikamata ni jina langu la utotoni.

Akatoka.

"Amesemaje?"

"Amesema hapana."

"Hayo yote aliyosema ni hapana?"

"Mengine aliniambia mimi," shangazi alisema. Akainua beseni lake, akaenda kulimwaga.

Mlango ule ni wangu, na ufunguo wake nilikuwa nao mfukoni. Sikuugusa. Nilivuta kiti nikakaa nje ya chumba, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua, na nikakaa hapo kila mchana, siku tisa, mpaka pumzi ile ilipokoma, shangazi akatoka akaniambia sasa naweza kuingia.