Maji Yaliyolala

Jumamosi iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa katika duka la samaki wa mapambo katikati ya jiji. Nilitaka dawa ya pleko wangu, yule samaki mweusi anayelamba kioo, aliyekuwa akihema juu ya maji tangu Alhamisi. Mbele yangu mama mmoja aliinua mfuko wa maji wenye pleko anayehema vivyo hivyo.

"Nimetoka naye Kabiria. Amekataa kazi ya kulamba kioo," alimwambia muuzaji. "Na kila wiki namwaga maji yote, nampatia ingine ya mfereji."

"Hiyo ya mfereji iko na dawa ya kuua viini, mathe. Iache kwa ndoo wazi siku moja, halafu ubadilishe robo tu. Wewe ungependa landlord akuhamishe kila wiki?"

"Maji imelala? Hata mgeni siwezi mpatia."

"Huyu si mgeni. Anaishi hapo."

Mimi, ninayesugua hata mawe ya tangi, niliondoka bila kuulizia dawa. Usafi wetu mara nyingi humfaa anayesafisha kuliko anayesafishiwa.

Jumapili asubuhi nilitoa robo ya maji ya tangi, nikaongeza ya ndoo niliyoiacha wazi tangu jana yake, kikombe baada ya kikombe. Saa tatu pleko aliteremka, akabandika mdomo kiooni. Sikwenda kanisani, nilihofia nikiondoka atapanda tena.