Nilipindisha Maneno ya Bibi, Tukahamia Makambako

Kosa ni langu. Si la mume wangu, si la mwenye nyumba, wala si la ugumu wa maisha kama ninavyowaambia watu. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikianza kuelezea nitajikuta najitetea, na mimi kwa kujitetea sijambo!

Majina siyataji. Njombe ni mji lakini tunajuana, na mume wangu ana tabia ya kusoma haya mambo ya wasomaji kwenye simu yake wakati wa chakula cha mchana. Akilisoma hili atajua ni mimi? Kuna siku natamani ajue. Siku nyingine natamani hiyo simu idondoke kwenye ndoo ya maji.

Mimi ni Mbena wa Wanging'ombe. Mume wangu, nimwite Baba Neema, ni mtu wa Manda, kule ziwani Ludewa, na kazi yake ni useremala. Tulipooana tulipanga vyumba viwili Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, uani kwa bibi mmoja mjane. Bibi alikaa peke yake kwenye nyumba kubwa ya mbele. Watoto wake wote wako mikoa ya mbali na wana nyumba zao.

Sasa Bibi Kiswahili alikisikia vizuri tu, maana kanisani anakisikia kila Jumapili, ila kukisema kilikuwa cha kuombea maji. Anaanza kwa Kiswahili, anamalizia kwa Kibena. Baba Neema naye Kibena chake ni "kamwene" ya kusalimia, basi. Ukimjibu zaidi ya hapo anabaki kutabasamu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa katikati. Bibi anasema, mimi natafsiri, wanacheka wote wawili. Miaka minne nilifanya kazi hiyo bila kupindisha neno.

Na walipendana, jamani! Baba Neema alifiwa na mama yake akiwa bado mdogo. Bibi alimwita "mwanangu," naye akamwita "Mama." Mwezi wa saba, ile baridi ya Njombe inapomtetemesha mtu wa ziwani mpaka meno yanagongana, Bibi alikuwa anamwita jikoni kwake akae karibu na moto, anampa viazi vya kuchemsha bado vinatoa moshi. Baba Neema naye alimtengenezea madirisha yote ya nyumba kubwa na hakudai hata shilingi.

Mimi niliona wivu. Nalisema bila aibu kwa sababu aibu yenyewe imeshaisha. Mume anatoka kazini, kabla hajaingia kwangu ameshapitia jikoni kwa Bibi!

Halafu nina dada yangu mkubwa anayeishi Makambako, anauza vitenge sokoni. Siku moja tunaongea kwenye simu akaniuliza tunalipa kodi kiasi gani. Nikamtajia. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Vyumba viwili? Vya uani? Na choo cha kuchangia? Mdogo wangu, kwa hela hiyo hiyo huku nakupatia nyumba nzima! Sebule ipo, jiko liko ndani, geti lipo. Ninyi huko Njombe mnalipia baridi!"

Hilo neno, "nyumba nzima," likanikaa kichwani. Nafua, nawaza nyumba nzima. Nikisimama foleni ya choo na taulo begani, nawaza nyumba nzima.

Na dada hakudanganya. Njombe kodi zilikuwa zinapanda. Watumishi wanahamia kwa sababu ya ofisi za mkoa, wenye mashamba ya parachichi wana hela, na ukiulizia chumba unaulizwa kwanza unafanya kazi wapi. Kiwanja cha mjini usiseme, kwa fundi kama mume wangu kilikuwa ndoto ya mchana. Makambako, mwendo wa saa moja tu kwa gari, wenye nyumba walikuwa bado wanakubembeleza.

Baba Neema nilipomwambia alikataa. "Wateja wangu wako hapa, Mama Neema. Halafu Mama tutamwacha na nani?"

"Yule ni mwenye nyumba," nikamjibu, "si mama yako."

Alininunia siku mbili. Nikaona njia ya kawaida imefungwa.

Ndipo mchana mmoja Bibi akaniita jikoni kwake tumenye viazi. Tukamenya weee, halafu akasema kwa Kibena. Nitawaandikia kwa Kiswahili neno kwa neno, kama nilivyotakiwa kufanya siku ile:

"Mwambie mwanangu aache kunipa kodi. Hela hiyo anunulie matofali. Ajenge vyumba vyake pale kwenye kona ya mianzi. Nitaita watoto wangu na mwenyekiti wa mtaa tuandikishiane. Mimi nikiita, nataka awepo mtu wa kuitika. Umfikishie vizuri."

Mnasikia? Ardhi! Njombe mjini! Bure!

Mwanamke mwenye akili angelia kwa furaha akiwa na kisu mkononi. Mimi niliona nini? Niliona tutazeekea hapo. Niliona miaka ya kukusanya tofali moja moja, na Bibi akimwita mume wangu "mwanangu" kupitia dirishani, na nyumba yangu nzima ya Makambako, yenye geti, ikienda kwa mtu mwingine. Nikamwambia Bibi asante, nitamfikishia.

Jioni Baba Neema akauliza kama kawaida yake, "Mama kasemaje leo?"

"Anataka kujenga vyumba vya kupangisha kule nyuma," nikasema. "Na hivi vyetu anavitaka. Tutafute pengine."

"Mama? Mama ndiye kasema hivyo?"

"Kaniambia nikufikishie vizuri."

Aliacha kula. Nilijua atainuka aende kumuuliza mwenyewe, na nilikuwa nimeshajiandaa kumfuata mbio nikatafsiri. Hakwenda. Mume wangu akiumia haulizi, anafunga mizigo.

Kesho yake Bibi akaniuliza mwanawe kajibu nini. Nikamwambia amekataa, hataki kujenga kwenye ardhi ya watu, na amepata kazi Makambako. Bibi akasema, "Haya." Akaendelea kupepeta maharage yake, na yale maharage yalikuwa yameshakuwa safi zamani.

Siku ya kuhama alitoka na kikapu cha viazi vya njiani. Baba Neema alikuwa anafunga kamba kwenye gari, hakugeuka. Bibi akamsogelea, akasema kwa Kibena kwa sauti ndogo: kama nimekukosea, niambie kabla hujaondoka.

"Anasema nini?" mume wangu akaniuliza.

Nikamnong'oneza sikioni, "Anauliza ufunguo tumeuacha wapi."

Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya viazi kwenye kile kikapu, akapanda gari. Bibi alibaki amesimama nacho mpaka tukakata kona. Niliona yote kwenye kioo cha pembeni.

Basi tukaipata nyumba nzima. Wiki ya kwanza nilikuwa natembea chumba hadi chumba, nafungua milango na kufunga. Nilimpigia dada nikamwambia, kweli tulikuwa tunalipia baridi!

Halafu upepo wa Makambako ukaanza. Asiyeujua asiniulize. Vumbi linaingia kwa chini ya mlango, kwenye unga, kwenye macho ya mtoto. Mabomba yalikuwa yanakauka wiki nzima, tunanunua maji kwa madumu. Wateja wa Baba Neema walibaki Njombe, ikabidi awe anakwenda na kurudi, na faida yote ya kazi akawa anawapa makonda. Anatoka Neema amelala, anarudi Neema amelala. Nyumba nzima, nakaa na nani?

Nililinganisha kodi kwa kodi. Nauli na maji sikuviweka kwenye hesabu. Wala sikuuliza ni nani atakayemsalimia mume wangu akirudi amechoka.

Mwaka wa pili haujaisha mwenye nyumba akaja kutuambia ameuza. Mji umekua, akasema, wafanyabiashara wanatafuta mahali pa stoo. Akatupa mwezi mmoja. Tulitafuta nyumba nyingine nzima, tukakuta Makambako nayo imeshapanda! Leo ninapoandika tuko vyumba viwili, uani, choo cha kuchangia. Kodi ni ile ile tuliyokuwa tunalipa kwa Bibi. Tulijaribu kuulizia kurudi Njombe, na bei tulizotajiwa zilitufanya tuage haraka.

Habari za Bibi tulizipata kwa mteja mmoja aliyeagiza meza. Alipooza. Mkono wa kulia haunyanyuki, ulimi umekuwa mzito, maneno hayatoki. Baba Neema alisikiliza, akasema, "Mungu amsaidie," akaendelea kupiga randa. Aliponisimulia jioni niliogopa, halafu nikafarijika. Ndiyo, nilifarijika! Aliyekuwa na uwezo wa kunitaja amenyamaza. Huyo ndiye mtu niliyekuwa nimekuwa.

Miezi ikapita. Mwezi uliopita Baba Neema akaniambia ghafla, "Jumapili twende tukamwone Mama." Sikupata sababu ya kukataa.

Tulipoingia uani kitu cha kwanza tulichokiona ni ile kona. Mianzi imekatwa yote. Pamejengwa vyumba vitatu vya kupangisha, bati jipya, nguo za watu kwenye kamba. Mtoto wake mkubwa ndiye aliyejenga baada ya mama kuugua, ili kodi imlipe msichana wa kumhudumia. Baba Neema alisimama akaviangalia. Akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Alikuwa anataka kujenga."

Mungu wangu! Hata matofali yalikuwa yananitetea!

Bibi alikuwa kitandani, amekuwa mdogo. Alipomwona mume wangu uso wake, ule upande mmoja uliobaki mzima, ukafunguka. Akanyoosha mkono wa kushoto. Baba Neema akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika. Nikasali asiulize. Akauliza.

"Mama, ulipomwambia mke wangu tuhame, kwa nini hukuniita ukaniambia mwenyewe? Nilikukosea nini?"

Nilishawaambia, Bibi Kiswahili alikisikia vizuri. Macho yalitoka kwake yakaja kwangu. Hayakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeistahimili. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetafuta njia ya kutokea. Midomo ikaanza kuhangaika, sauti ikatoka, nzito, ya kuvunjikavunjika, machozi yakamshuka mpaka sikioni. Katika zile sauti nililishika neno moja tu, na neno hilo lilikuwa jina langu.

Baba Neema akanigeukia. "Anasema nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu na Mungu mwenyewe ameushikilia. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza kila siku tangu siku ile na sina jibu zaidi ya woga. Kichwani nilimwona mume wangu akiondoka bila kugeuka, kama alivyomwondokea Bibi.

"Anasema umsamehe," nikatafsiri.

Bibi akafumba macho. Mume wangu akalia, mwanaume mzima, akaweka paji lake la uso juu ya ule mkono wa mjane wa watu. "Nimekusamehe, Mama," akasema. "Nimekusamehe kabisa."

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiangalia.

Tangu siku hiyo Baba Neema ana amani. Anaimba akipiga randa. Ananiambia nimemsaidia kutua mzigo, ananishukuru! Nikitaka kumwambia ukweli sasa, nitamnyang'anya hiyo amani kwanza ndipo nimpe ukweli, na Bibi hatapona kwa sababu nimesema, na kona ile haitarudi kuwa yetu. Nisiposema, mama wa watu atakufa amesamehewa kosa langu. Nimegeuza huku na huku, sioni pa kutokea.

Ninyi mnaolinganisha miji, linganisheni, si dhambi. Tafuteni kodi iliyo nafuu, ulizeni maji, ulizeni nauli, mkae chini na wenzenu mkubaliane hata kama mtagombana. Lakini usimhamishe mtu kwa uongo, hata kama nyumba ni nzima na geti lipo. Na wewe ambaye maneno ya wawili yanapitia mdomoni kwako, nakuomba, yafikishe kama ulivyoyapokea. Mimi nilipindisha mara moja nikidhani ni mara moja tu.

Jumapili hii tunakwenda tena. Baba Neema ameshanunua maziwa na sabuni. Ameambiwa Bibi anafanyishwa mazoezi na ulimi umeanza kufunguka kidogo, kwa hiyo ameniomba nikae upande wa kichwani, karibu kabisa na mdomo wake, ili akisema lolote nimtafsirie.