Nahodha wa Nchi Kavu

Baba alikufa akiamini kwamba baba yake alikuwa nahodha wa Ziwa Nyasa. Tulipokuwa wadogo, huko Dar es Salaam, alituimbia wimbo huo kwa viboko kila tulipofeli hesabu: mjukuu wa nahodha hafeli. Matanga yalipokwisha nilifunga safari kwenda Mbinga nikamjue huyo nahodha.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima ya Umatengo na magari yao, huku chama cha ushirika kikikata roho. Baba mdogo alikuwa wakala wa mmoja wao. Alinipokea akiwa amevaa koti zito na miwani ya jua, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umefika kwenye asili ya wakubwa," alisema, utadhani milima ile aliilundika mwenyewe kwa koleo.

Kila tulipopita alinitambulisha kuwa mjukuu wa nahodha. Wakulima waliotoka shambani na majembe begani waliangaliana, wakakohoa. Nami, kwa ujinga wangu, nikadhani ile ni heshima.

Tukateremka na gari la kahawa hadi Lundo, kando ya ziwa, alikokuwa akiishi mke mdogo wa babu. Tulimkuta mkekani akichambua usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Bibi, nimekuja unisimulie habari za nahodha."

"Nahodha?" Mikono yake ilisimama. "Mwanaume yule hata kuoga ziwani alikuwa haogi. Nikimchotea maji kwa ndoo, anaogea nyuma ya nyumba."

Baba mdogo akajikohoza. Bibi hakumjali.

Babu, alisema, alikataa kuchongewa mtumbwi na watu wa ziwani. Aliwaona wajanja mno. Akakata mti kwao mlimani, akauchonga mwenyewe, kisha akawalazimisha wadogo zake wauburute hadi ziwani. Kabla hawajafika nusu ya mteremko ukapasuka. Hakusikia la mtu. Akauweka mchangani, akavaa kofia, na kila asubuhi baada ya uji akaketi humo akiwaamuru wavuvi waingie kwa kushoto.

"Wao wanamjibu, 'Ndiyo, nahodha,' halafu wanapita kulia. Jina lenyewe ndilo hilo."

"Na mtumbwi uko wapi?"

"Alipokufa nikauziba nyufa kwa udongo, nikaloweka mihogo humo mpaka mtumbwi wenyewe ukaoza. Angalau ulifanya kazi."

Nilicheka hadi machozi. Baba yangu, mtu mzima na miwani yake ya kusomea, alikuwa ametuchapa viboko kwa ajili ya mzee aliyekaa mchangani akiamrisha samaki!

Baba mdogo alinivuta nje. "Usimsikilize, amezeeka. Hawa wa ziwani wana wivu."

Palepale, mbele ya watu waliokuwa wakianika nyavu, akapaza sauti: mjukuu ametoka Dar es Salaam kuja kuthibitisha, na mwaka huu kaburi la nahodha litajengwa kwa saruji, kwa umbo la meli. Nimewaona wajinga wengi maofisini, lakini huyu alikuwa amerithi ujinga na sasa alitaka kuupiga plasta.

"Panda gari, twende," akaniambia.

"Nenda tu, baba mdogo. Mimi nabaki."

Aliondoka bila kuaga. Bibi akasonga ugali wa muhogo, akaniwekea usipa wa kukaanga, tukala. Hakuna aliyenieleza ukuu wa ukoo wetu, na chakula kilishuka vizuri.