Pakiti ya Maziwa Mfukoni mwa Ovaroli

Nakumbuka jioni moja kule Gitothua, mwanangu, mama yangu alipomnyang'anya binti yangu pakiti ya maziwa mdomoni. Nekesa alilia mpaka jirani akagonga mabati. Mimi nilikasirika.

Nilikuwa kijana, kazi yangu kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi, yale madini mazito ya ndani. Mwenye yadi hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Kila mchana alitugawia maziwa, akiamini yanaosha moshi kifuani. Sote tuliamini. Ila mimi yangu sikunywa. Niliyatia mfukoni mwa ovaroli nikampelekea mtoto. Alinikimbilia mlangoni, akaitoa pakiti mwenyewe, akang'ata kona na kunyonya.

"Nilipokuja Desemba huyu aliniita Kukhu, kama watoto wetu wote wanavyomwita nyanya yao," mama akasema. "Leo hana neno, ananiangalia tu kama mwizi wa kuku. Unamlisha nini?"

"Ni maziwa tu, mama."

"Haya, ng'ata wewe hapo alipong'ata."

Nikaitazama ile kona. Vumbi la kijivu. Sikuweza.

Kliniki walimpima damu, wakakuta risasi. Daktari alieleza polepole. Nikikosea hapa kosa ni langu, shule sikufika mbali. Alisema ubongo hutumia kalsiamu, hiyo hiyo ya kwenye maziwa, kupitisha ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Risasi inaiga kalsiamu, na ubongo wa mtoto unaipokea kama mwenyeji. Ikishaingia, ujumbe unavurugika, mwingine haufiki kabisa.

Niliacha ile kazi. Sumu ikapungua, maneno yakarudi, si yote. Labda si risasi peke yake, sijui. Nekesa sasa ni mama wa watoto. Juzi alishika kijiko akabaki anatafuta kinaitwaje. Nilijifanya sijaona.

Ndiyo sababu niliposikia umeandikwa kazi kwa wavunja betri wa Kiuu, niliingiwa na baridi. Sikukatazi, najua kazi zilivyo adimu. Lakini ovaroli na viatu vibaki huko huko. Oga kwanza, ndipo umbebe mtoto wako. Usimletee chakula kilichokaa mfukoni. Na mpeleke akapimwe, hata kama anacheka na kukimbia. Nekesa pia alikuwa akicheka.

Mungu amlinde huyo mtoto wako, mwanangu. Leo amekuita baba. Na kesho akuite.