Mkono Karibu na Dirisha

Mwalimu Pyo Geumsun alirudi kutoka semina na zoezi jipya: kila siku baada ya chakula cha mchana, darasa lake la nne liketi kimya, lifumbe macho, lisikilize pumzi. Tangu mgodi wa makaa wa Taebaek, Korea, ufungwe na akina baba wengi kwenda mbali kutafuta kazi, watoto walikuwa wakipigana ovyo.

"Fumbeni macho," alisema siku ya kwanza, na mwili ukamsisimka. Katika sauti yake alisikia sauti ya mwalimu wake wa utotoni.

Siku moja ya utoto huo, mkebe wa penseli wa binti wa meneja wa mgodi ulikuwa umepotea. "Fumbeni macho. Aliyeuchukua anyooshe mkono," mwalimu yule aliamuru. Walikaa hivyo mpaka jiko la makaa likazimika. Geumsun akachungulia, akamwona rafiki yake Malsun, aliyeketi karibu na dirisha, akiinua mkono polepole.

"Si mimi," Malsun alimwambia njiani. "Nilitaka tu twende nyumbani. Meno yako yalikuwa yanagongana."

Geumsun alikwenda kumweleza mwalimu, akafukuzwa kama kuku. Malsun akaitwa mwizi. Kabla theluji haijayeyuka familia yake ikahama, wala hakuna aliyejua ilikokwenda.

Sasa, kila vichwa vilipoinama, Geumsun aliuona mkono mwembamba, umepasuka kwa baridi, ukiinuka karibu na dirisha pasipokaa mtu. Akiukazia macho, haupo.

Kisha siku moja mkono ukainuka kweli, katikati ya darasa.

"Mwalimu, Gaon kanyoosha mkono!" mvulana mmoja alipaza sauti.

"Umemwonaje na wewe umefumba, muongo we?" mwenzake akamdhihaki.

Darasa likaangua kicheko. Gaon, msichana aliyezoea kuwang'ata wenzake, hakucheka.

"Mwalimu, naogopa. Nikifumba namsikia baba anafunga mlango, anaondoka."

Geumsun akapiga magoti, akaushika ule mkono. Ulikuwa na joto. Machozi yakamtoka mbele ya watoto.

"Basi usifumbe, mwanangu. Angalia mlima kule, pumua taratibu."

"Na mimi je?" mtoto mwingine akauliza.

"Yeyote asiyetaka, asifumbe."

Majira ya kuchipua yalipofika, Gaon alikuwa ameacha kung'ata, na ugomvi ulipungua. Mkuu wa shule akamsifu Geumsun, akamwomba awafundishe walimu wenzake. Alikubali. Lakini walipoketi kwenye duara na mmoja akauliza, "Dada Pyo, mbona wewe hufumbi?" alitazama pale karibu na dirisha, akawaomba waendelee kupumua.