Mtugutu wa Kuosha

Mama aliacha kula wiki ya matanga ya baba, na mwanzoni hatukushtuka. Mjane akikataa chakula watu husema ni majonzi, yatapita. Wageni walipokwisha kuondoka pale kwetu Malindi, ile ya milima ya Usambara, nikampikia uji, nikampikia viazi kwa maziwa, nikachinja na kuku. Kila sahani aliitazama, akaisukuma taratibu, akasema maneno yaleyale: mdomo mchungu. Wazee wa kanisa wakaja kumwombea, na yule kuku wakamla wao.

Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nimetoka kumzika baba, sasa namwona mama anajizika mwenyewe huku nimeshika kijiko. Nguo zilikuwa zinampwaya mwilini. Mimi nami nilikuwa sili, maana utamezaje tonge mbele ya mama aliyefunga mdomo?

Sababu niliijua, ingawa hakuitamka. Baba alianza kuumwa tumbo ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yalijaa, mitumba ilipanda mpaka kwetu mlimani, na hospitali nayo ikataka tuchangie gharama. Mama akaona tusubiri tuuze kabichi kwanza. Akachuma majani ya mtugutu, yale machungu ya dawa ya tumbo, nyuma ya jiko, akachemsha, akamnywesha baba asubuhi na jioni, kama alivyotunywesha sote tangu utotoni. Kabichi hazijakomaa, baba akafa.

Hatimaye nikamshusha mama hospitali, Lushoto mjini. Daktari akampima, akasema haoni ugonjwa mwilini, ila asipokula hatamaliza mwezi. Alisema kwa upole, kisha akaita mgonjwa mwingine. Tukatoka nje. Gari la kurudi lilikuwa bado, mvua ikaanza, nikamwingiza mama kwenye mlango wa kwanza niliouona wazi.

Ulikuwa mgahawa wa mgeni mmoja kutoka Nigeria. Alikuja kutafuta mawe ya vito huko bondeni biashara ilipofunguliwa, mawe yakamkataa, akaoa kwetu na kugeukia kupika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa shule. Watu wa mjini walipita pale wakicheka, wakipaita zahanati. Sikujua kwa nini, na siku ile sikujali.

Mkewe, Mshambaa mwenzetu, alimwamkia mama kwa heshima, akatuambia kilichobaki ni supu ya kwao mumewe. Ikaja nzito, na ugali pembeni: nyama, samaki mkavu, mbegu za maboga zilizotwangwa, mawese mekundu juu, na majani yaliyokatwakatwa. Nikamsogezea mama bakuli. Mdomo mchungu, akasema.

Basi nikala mimi. Nilikusudia tonge moja tu la kuondoa aibu, lakini ile supu ilikuwa tamu jamani. Pilipili ilinipasha mpaka masikioni, zile mbegu zikawa laini mdomoni, na yale majani yalikuwa na ukali wa mbali unaokufanya utake tonge jingine. Nikala kwa pupa, kamasi zikinitoka. Machozi nayo yalinitoka, kwa sababu nilikuwa nafurahia chakula mbele ya mama anayekufa kwa njaa.

Mama alikuwa akinitazama.

"Majani gani hayo?" akauliza.

Mke wa mgeni akajibu bila kujua anachokigusa. "Mtugutu, mama. Kwao ni mboga."

Ndipo nikaelewa ile zahanati. Nani kwetu angetoka nyumbani akaagize dawa ya tumbo kwa bakuli? Nilijua nimemmaliza mama kwa mkono wangu.

Akainuka. Nilidhani anaondoka, kumbe anaelekea jikoni, nikamfuata. Yule mgeni alikuwa ameinamia beseni, akifikicha majani kwa chumvi, akiyakamua, akimwaga povu la kijani na kutia maji mapya. Akamwamkia mama shikamoo, safari hii kwa mtu anayestahili. Mama akachovya kidole kwenye yale maji, akalamba. Uso ukamkunjamana.

"Kumbe uchungu wake unatoka," akasema. "Mimi nilimpa baba yako uchungu wote."

Hakuwa amemtaja baba tangu tumzike. Aliyemjibu ni mke wa mgeni, aliyekuwa ametufuata jikoni, kwa Kishambaa, polepole: kwamba dawa haioshwi, ukiiosha umeitupa, kwamba hata yeye angemnywesha mumewe vilevile. Mama akabaki amesimama, akiitazama mikono ya yule mwanamume mpaka maji yakatoka meupe.

Tuliporudi mezani supu yangu ilikuwa imepoa, imebaki kidogo chini ya bakuli. Mama akaomba maji, akanawa. Akamega ugali, akachovya, akautia mdomoni na kutafuna kwa muda mrefu sana. Machozi yalimtoka yakafuata shavu mpaka kidevuni, hakuyafuta.

"Uchungu bado upo," akasema, akamega tonge jingine.