Spika yangu ya Bluetooth ililia "ngiiii", nikamsingizia mjomba mbao mbichi

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kucomment nawaona pia.

Ninayoleta yamenikuta mwenyewe, Masasi na Newala, miezi michache iliyopita. Ni kweli yote. Chumvi nitaitia kwenye ukubwa wa sauti tu, kwa hiyo nikisema spika ilisikika mpaka Msumbiji, gaweni kwa kumi.

Kidogo kunihusu. Mimi ni zao la masomo ya jioni. Mchana nilikuwa bodaboda Masasi mjini, jioni nipo darasani nanuka petroli.

Aliyenisukuma nirudi shule ni mjomba wangu, seremala na mchongaji kule Newala, watu wanamwita Baba Zuhura. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kumpungia mkono ukapita. Yeye ananiita njomba, mimi namwita njomba, na akikohoa nakaa sawa.

Basi elimu ikanipanda kichwani. Nikaamua kuunda spika ya kubeba.

Betri nilizitoa kwenye laptop iliyokufa. Nikapata bodi ya amplifier, module ya Bluetooth ndogo kama biskuti, na spika mbili za redio ya gari.

Boksi akatengeneza mjomba. Mninga wakuu! Kona zimekutana kama zimezaliwa pamoja. Ile kazi ukiiweka sebuleni, wageni wanaisalimia shikamoo kabla yako.

Nikaipandisha Newala kwenye sherehe ya Shabani, mtoto wa dada yangu, katoka jandoni. Muziki ukipiga, raha tupu. Bass inaangusha mabibo ya mikorosho ambayo hata maua haijatoa.

Shida ni muziki ukisimama.

Ngiiiiiiii.

Shekhe kaanza dua, watu kimya, spika ngiiiii. Shekhe akajipiga kofi shavuni, alidhani mbu.

Nikarukia swichi nikazima, lakini watu walishasikia. Jirani mmoja, mtani wetu, akapaza sauti, "Msomi wa jioni, hicho kinacholia ni nini?"

Hapa ndipo nilipoharibu. Ningesema sijui, yakaisha. Lakini msomi unasemaje hujui mbele ya sinia la pilau? Nikajibu, "Mbao hiyo. Bado mbichi, ina unyevu, ndiyo inapiga kelele."

Mjomba alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu.

Akanawa mikono, akaondoka.

Wiki iliyofuata dada akanipigia. Hata salamu hakuna.

"We, umemfanya nini Baba Zuhura? Kila akipita wanamuuliza, fundi, na vinu vyako vinalia? Kafunga karakana. Anasema hachongi tena. Na harusi ya Zuhura mwezi ujao, kitanda cha mwanawe kakiacha na miguu mitatu!"

Wakuu, miguu mitatu. Sikulala.

Kesho yake nikapanda Newala na spika mgongoni. Nikamkuta uani.

"Shikamoo njomba."

"Marahaba."

Nikaanza kueleza habari za unyevu na hewa ya Newala, akanikata.

"Toa vitu vyako kwenye boksi langu. Vyote. Weka kwenye ndoo ile."

Ndoo ya plastiki, ya maji. Nikahamisha waya zote, nikawasha.

Ngiiiiiiii.

Mjomba akaniangalia. "Na ndoo nayo ni mbichi?"

Nilitamani niingie kwenye ile ndoo nijifunike.

Akaniambia, "Kiti kikiyumba sing'oi miguu yote. Napima mmoja mmoja. Haya, pima."

Niwe mkweli, mimi nilikuwa naenda kwa kubahatisha. Nilishabandika capacitor ya kuchuja umeme, kubwa kama dafu, nikazungushia waya karatasi ya foil mpaka spika ikafanana na kuku wa kuoka. Yote kwa pamoja, bila kujua kipi ni kipi.

Sasa nikaenda kimoja kimoja.

Nikachomoa waya wa sauti unaotoka kwenye Bluetooth. Kimya. Kwa hiyo amplifier haina kosa.

Nikaunganisha simu moja kwa moja kwa waya wa AUX. Muziki safi, ukisimama kimya. Spika nazo hazina kosa.

Nikarudisha Bluetooth, ila umeme wake nikautoa kwenye power bank badala ya zile betri za laptop.

Kimya! Kimya cha kusikia kuku wa jirani akiwaza.

Nikairudisha kwenye betri za laptop: ngiiii. Nimempata mwizi.

Kumbe Bluetooth na amplifier zilikuwa zinakula sahani moja. Uchafu wa umeme wa module ulikuwa unapita kwenye waya wa negative ambao zote mbili zilikuwa zinauchangia, unaingia kwenye sauti. Wataalamu wanaita ground loop.

Dawa: nikaipa Bluetooth betri yake, ya kitochi cha zamani, na swichi ya miguu sita ili vyote viwake na kuzimika pamoja. Wasiotaka betri mbili watafute isolated converter, kile kifaa cha kutenganisha umeme, kwa Masasi sikukipata.

Nikamgeukia mjomba natabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Wanajua waliokula pilau?"

Nikaelewa.

Jumamosi yake ilikuwa siku ya kutwanga mpunga wa harusi, majirani wote wapo uani. Maneno nilishayarekodi kwenye simu, maana najijua, nikisimama mbele ya watu ningeanza kujitetea. Nikarudisha vitu kwenye boksi la mninga, nikawasha, nikaacha kwanza wasikie ule ukimya. Kisha nikabonyeza play.

"Ile kelele haikuwa mbao. Mbao ya Baba Zuhura ni kavu. Waya nilifunga vibaya mimi, nikaona aibu kusema."

Michi ikasimama hewani. Mtani wetu akacheka mpaka akakaa chini.

Mjomba kutoka kwenye mlango wa karakana: "Ongeza sauti, njomba. Wa jikoni hawajasikia."

Nikarudia, sauti ya mwisho. Hii ndiyo ilifika Msumbiji.

Mama Shabani akataka mara ya tatu, eti kuna wageni wamefika. Nikapiga tena, lakini safari hii haikusikika vizuri. Karakana ilikuwa imefunguliwa, mtu anapiga randa mguu wa nne.

Nilichojifunza: pima kimoja kimoja, na kama hujui sema hujui kabla hujamtaja mtu.

Wenye spika zinazolia, wekeni picha za waya hapa tusaidiane. Na wewe fundi wa masomo ya mchana unayetaka kunikosoa, karibu, ila taratibu.